Faneli ya unga: Kifaa cha bei ndogo kinachokula faida ya mfungashaji

MSIMU wa mavuno ukishapita katika uwanda wa juu wa Ufipa, mahindi yakaingia ghalani na ulezi ukapepetwa, huanza kazi nyingine isiyoonekana sana na wapita njia. Ni kazi ya kujaza. Mahindi hujazwa kwenye magunia, ulezi kwenye viroba, sembe na dona kwenye mifuko ya kilo 5 na kilo 25, unga wa lishe kwenye pakiti za kilo moja au nusu kilo, na viungo kwenye vipakiti vidogo ambavyo wenye maduka mjini Sumbawanga huvitundika mbele ya duka. Dawa ya vumbi ya kuhifadhia nafaka nayo hutolewa kwenye pakiti yake na kupelekwa kwenye mahindi.

Katika kazi yote hiyo kuna kifaa kimoja ambacho wengi hukichukulia kama kitu cha kuokota tu, nacho ni faneli. Mjasiriamali hujinyima akanunua mizani, akanunua mashine ya kuzibia mifuko, akalipia lebo za rangi zenye jina la bidhaa yake, halafu unga wenyewe akaupitisha kwenye gazeti lililokunjwa. Mwingine hutumia faneli ileile iliyopitisha mafuta ya taa juzi. Wengine hawana kabisa, huchota kwa bakuli na kumimina kwa kukisia, na sakafu ikalamba kilichobaki.

Hesabu yake ni rahisi. Mfungashaji anayemwaga gramu 20 kwa kila pakiti ya kilo moja, kiasi cha vijiko vichache tu vya chakula, atakuwa amepoteza kilo 10 akifika pakiti 500. Ukiongeza muda wa kufagia, kufuta pakiti kwa nje na kuziba upya zile ambazo unga uliganda mdomoni zikakataa kushika moto wa mashine, hasara huwa kubwa zaidi ya zile kilo 10. Pakiti iliyoziba vibaya hurudishwa na mwenye duka, na mara ya pili huambiwa mzigo wako usiletwe tena.

Hasara ya fedha, hata hivyo, ndiyo ndogo. Kuna nyingine inayohusu uhai wa watu, nayo itaelezwa mbele.

Kwa nini faneli ya mafuta haifai

Faneli nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa ajili ya vitu vya majimaji: mafuta ya kula, mafuta ya taa, petroli, maji. Shingo yake ni ndefu na nyembamba, na koni yake ni pana na bapa. Kimiminika hakijali hayo, kwa sababu kitateremka hata kwenye tundu la sindano. Unga hauna tabia hiyo. Chembe zake hushikana na kusuguana, zikifika kwenye tundu jembamba hubebana kama mawe ya tao la daraja, na juu ya tundu hilo mzigo wote ukasimama. Mtu akigonga faneli, daraja huvunjika na unga hushuka kwa kishindo, mara nyingine zaidi ya ulivyotakiwa. Akiacha kugonga, daraja hujijenga tena.

Kwa hiyo faneli ya unga inahitaji vitu viwili kuliko vingine vyote: mwinamo mkali na shingo pana iliyo fupi. Kwa mwinamo, kipimo ambacho kila mtu anaweza kukishika ni kwamba kina cha koni kikaribie upana wa mdomo wake. Faneli yenye mdomo wa sentimita 24 na kina cha sentimita 10 tu ni sahani yenye tundu, na unga utalala pembeni. Yenye mdomo huohuo na kina cha sentimita 20 itajimwaga karibu yote bila kuguswa.

Upana wa shingo hutegemea kinachopita. Kwa nafaka nzima, tundu liwe na upana wa karibu mara sita ya ukubwa wa punje au zaidi. Punje ya hindi ina urefu wa sentimita moja hivi, kwa hiyo tundu la sentimita sita au saba ndilo la kuanzia. Ulezi ni mdogo sana na mviringo, hutiririka kama mchanga mkavu, na tundu la sentimita moja na nusu humtosha anayejaza pakiti ndogo. Unga ndio msumbufu. Ingawa chembe zake ni ndogo kuliko ulezi, unataka tundu pana zaidi, sentimita nne au tano kwa pakiti ya kilo moja, kwa sababu ya huko kushikana. Wengi hukosea hapa wakidhani kwamba kitu kidogo kinahitaji tundu dogo.

Jambo la tatu husahaulika hata na mafundi. Pakiti haiko tupu, ina hewa. Unga unapoingia, hewa hiyo lazima itafute pa kutokea. Ikiwa shingo ya faneli imebana mdomo wa pakiti, hewa hupanda katikati ya unga, hukwamisha mteremko na kurusha vumbi usoni kwa anayejaza. Shingo iwe nyembamba kidogo kuliko mdomo wa pakiti, au fundi abandike vipande viwili vya bati ubavuni vya kuiacha mbali kidogo. Asiye na hivyo anaweza kuweka kijiti kisafi kati ya shingo na pakiti, na tatizo likaisha.

Plastiki, bati au chuma kisichoshika kutu

Faneli ya plastiki ni nyepesi, haishiki kutu na huoshwa kwa urahisi. Ubaya wake huonekana Ufipa kati ya Juni na Agosti, wakati wa baridi kavu na upepo. Hewa ikiwa kavu kiasi hicho, plastiki iliyosuguliwa huwa na umeme tuli, ule unaofanya nywele zishike kitana, na unga mwembamba huganda ukutani kama uliopakwa gundi. Dawa yake si kusugua kwa kitambaa kikavu, jambo ambalo huzidisha umeme huo, bali kuiosha, kuisuuza na kuiacha ikauke yenyewe. Bati na chuma hazina shida hiyo.

Bati la kawaida lililopakwa zinki linafaa kwa unga mkavu na nafaka. Halifai kwa asali, juisi, maziwa ya mgando au kitu chochote chenye uchachu, kwa sababu uchachu hula zinki na kuiingiza kwenye chakula. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora kuliko vyote kwa chakula, na bei yake hulijua hilo.

Anayekwenda kwa fundi bati aangalie mambo ya kiungo. Mafundi wengi huunga kwa waya wa kulehemu wenye madini ya risasi, na risasi ni sumu inayodhuru zaidi ubongo wa mtoto mdogo. Kwa faneli ya chakula, mwambie fundi akunje na kugonga kiungo bila kulehemu, kama anavyofanya kwenye ndoo za nafaka. Aidha, pale koni inapokutana na shingo, kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini, kama vigae vya paa vinavyopitisha maji. Kikiwekwa kinyume kitaacha ngazi ndogo ndani, na ngazi hiyo itashika unga wa leo mpaka uote ukungu na kuchanganyika na wa wiki ijayo.

Wapo wanaodhani kuchora koni kunahitaji elimu kubwa. Haihitaji. Chora nusu duara kwenye manila, kuanzia kituo chake hadi ukingoni iwe sentimita 24. Kwenye kituo hichohicho chora nusu duara ndogo ya sentimita 5 na uikate uitupe. Ukiikunja ile iliyobaki mpaka ncha zake mbili za moja kwa moja zikutane, utapata koni yenye mdomo wa sentimita 24, tundu la sentimita 5, na mwinamo wa nyuzi 60 ambao unga wa mahindi hauwezi kuukalia. Hesabu hiyo haibadiliki: nusu duara ya sentimita 30 itatoa mdomo wa 30. Fundi aongezewe sentimita moja au mbili pembeni za kukunjia kiungo, basi.

Asiye na fedha ya fundi ana chupa ya maji ya kunywa. Sehemu ya juu ya chupa ya lita moja na nusu, ikikatwa mabegani, ni faneli nzuri ya ulezi, sukari na mbegu za mboga. Tundu lake lina sentimita mbili na kidogo, hivyo unga utakwama. Kwa unga tafuta dumu jipya lenye shingo pana inayopitisha vidole vitatu. Chupa au dumu lililowahi kubeba dawa ya kilimo haliingii kwenye mazungumzo haya hata likioshwa mara kumi.

Kumimina nako kuna namna yake

Rukwa inalima chakula kingi, na iko katika mikoa inayoitwa ghala la taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa. Ndiyo maana unga wa lishe wa ulezi, mahindi, soya na karanga umekuwa biashara ya akina mama wengi, na ndiyo maana kilichomo ndani ya pakiti kina uzito kuliko lebo.

Mchanganyiko kama huo una tabia ya kujitenga. Ukimiminwa kutoka juu, chembe kubwa hubingirika pembeni na laini hubaki katikati ya mlundo. Faneli ikitikiswa kwa nguvu, kazi ya kuzitenga hukamilika. Matokeo yake, pakiti za mwanzo hupata soya nyingi na za mwisho hupata mahindi matupu, ingawa zote zimetoka kwenye beseni moja. Mimina kutoka karibu, usijaze faneli pomoni, na koroga beseni kila baada ya pakiti chache. Anayeongeza virutubishi vya unga, ambavyo kipimo chake ni kidogo sana, asivimwage moja kwa moja juu ya beseni. Avichanganye kwanza na unga wa kiasi kilekile, kisha aongeze unga mara mbili, kisha mara mbili tena, mpaka vyote viishe.

Unga uliotoka mashineni ukiwa na joto usifungashwe hapohapo. Joto hilo hubeba unyevu ambao, usiku wa Sumbawanga ukiingia, utageuka matone ndani ya plastiki. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya Julai haina mchezo. Uache upoe kwenye turubai safi, uchekeche, kisha ujaze.

Ndugu yake wa zamani, faneli ya baruti

Faneli ya unga ina ndugu yake aliyetangulia, nayo ni ya baruti. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilileta magobori na baruti hadi kwenye Ziwa Tanganyika, na mwenye gobori alipima baruti kwa pembe au kikombe kidogo kabla ya kuimimina mtutuni. Biashara hiyo ilikua kiasi kwamba mkataba wa Brussels wa 1890 uliwekewa vifungu vya kuzuia silaha na baruti kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika.

Katika nchi nyingine, hasa Marekani, wawindaji na walenga shabaha bado hujaza upya maganda ya risasi nyumbani kwao, na faneli zao huuzwa madukani kama vyombo vya jikoni. Utaratibu wao unastahili kuangaliwa na mfungashaji wa unga, kwa sababu anayekosea kule hulipa kwa vidole au macho. Faneli yao huchaguliwa kulingana na mdomo wa ganda, isiwe kubwa wala ndogo. Huwa haina umeme tuli, ili punje za baruti zisibaki ukutani zikashuka kwenye ganda linalofuata na kulizidishia kipimo. Mezani hukaa aina moja tu ya baruti kwa wakati mmoja, na iliyobaki hurudishwa kwenye kopo lake la asili siku hiyohiyo. Kopo lisilo na lebo halikisiwi kwa kuangalia rangi, huharibiwa. Kabla ya kufunga, kila ganda humulikwa kwa taa kuhakikisha limepata kiasi sawa na wenzake.

Hapa nchini jambo hilo si la kuigwa kwa baruti yenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakataza kutengeneza silaha au risasi bila leseni, na gobori la urithi lisilosajiliwa halina tofauti mbele ya sheria na bunduki ya wizi. Mkulima anayesumbuliwa na nyani au nguruwe pori pembezoni mwa shamba apeleke taarifa kwa serikali ya kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya. Lakini ile nidhamu ya mezani, ya unga mmoja, faneli moja na chombo chenye lebo, ndiyo hasa inayokosekana katika nyumba nyingi linapokuja suala la dawa ya vumbi.

Unga mweupe usio wa chakula

Tangu dumuzi, yule mdudu aliyebatizwa Skania, alipoonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusambaa nchini, dawa ya vumbi imekuwa mgeni wa kudumu katika ghala la mahindi. Ni unga mwembamba, mwingine mweupe, na ukitolewa kwenye pakiti yake unaweza kufanana na unga wa muhogo au baking poda. Muuzaji wa rejareja anayeufungua na kuupima kwenye vikaratasi kwa ajili ya mnunuzi asiye na fedha ya pakiti nzima humfanyia hisani ya hatari. Anayenunua hana lebo, hana kipimo, na mtoto wa nyumba hiyo hana kinachomtambulisha kuwa ile ni sumu.

Mifano ya dunia inatisha. Oktoba 1999 katika kijiji cha Tauccamarca, nchini Peru, watoto 24 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichochanganyika na sumu ya wadudu aina ya parathioni, unga mweupe uliodhaniwa kuwa maziwa ya unga. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa kwa chakula cha shule kilichokuwa na sumu ya kilimo, na uchunguzi ulielekezwa kwenye mafuta ya kupikia yaliyotiwa kwenye chombo kilichowahi kubeba sumu hiyo. Hakuna aliyekusudia kuua katika matukio hayo mawili. Chombo na unga vilipotezewa utambulisho wake, mengine yakafuata.

Kwa sababu hiyo, nyumba yenye mahindi na dawa ya vumbi iwe na faneli mbili zisizofanana hata gizani. Ya dawa itobolewe tundu ukingoni na kufungwa kwa waya kwenye sanduku la dawa, lenye kufuli, nje ya jiko. Ipakwe rangi nyekundu. Isiwe ya chuma kizuri kinachomtamanisha mtu kuiazima. Ya chakula ikae na mizani.

Hata hivyo, kuna kazi ambazo faneli haifai kabisa kwa dawa. Wapo wanaoshindilia mahindi guniani kisha wakamimina dawa kwa faneli kwenye mdomo wa gunia, wakiamini itashuka. Haishuki. Itabaki kwenye shubiri ya juu, ambapo mlaji ataipata kwa wingi, na chini dumuzi ataendelea na shughuli zake. Mahindi humwagwa kwenye turubai, hunyunyiziwa dawa na kupinduliwa kwa koleo mpaka kila punje ipate vumbi, ndipo yajazwe. Kipimo hufuata lebo na si mazoea ya jirani. Mchanganyiko wa pirimifosi-methili na permethrini uliozoeleka miaka mingi hupimwa gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100, lakini zipo dawa za vumbi zinazotaka gramu 50 tu. Anayehamisha kipimo cha ile kwenda hii anakula sumu mara mbili na kulipa mara mbili.

Vilevile dawa ya unga ya kuchanganya na maji isipitishwe kavu kwenye faneli kuingia kwenye bomba la mgongoni. Itaganda shingoni, na upepo wa mchana wa Ufipa utaileta puani. Ikorogwe kwanza na maji kidogo kwenye ndoo ya kazi hiyo, iwe kama uji, kisha imiminwe kupitia chujio la bomba, upepo ukiwa mgongoni. Glavu, barakoa na miwani si mapambo. Usajili wa viuatilifu sasa uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyochukua kazi hiyo baada ya sheria ya 2020, na pakiti isiyo na namba ya usajili ibaki dukani.

Faneli ya gunia

Kwa anayejaza magunia, faneli ni pipa au bati kubwa lenye miguu mitatu ambalo gunia hufungwa chini yake kwa mpira. Humwondolea mtu mmoja kati ya wale watatu wanaoshikilia mdomo wa gunia, na ujira wa mtu huyo kwa msimu mmoja unatosha kumlipa fundi. Jambo la kuangalia ni ukingo. Mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, huua wadudu kwa kuwakosesha hewa bila dawa yoyote. Tundu moja lililotobolewa na ncha ya bati hufuta kazi yote hiyo, na mkulima hujua baada ya miezi minne anapofungua na kukuta unga badala ya mahindi. Ukingo wa chini ukunjwe nje na kugongwa mpaka ulale, au uvalishwe kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa urefu.

Mahindi yenyewe yawe yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Asiye na kipima unyevu atie punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, atikise kwa dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi na hayastahili kufungiwa.

Moto na vumbi la unga

Unga una tabia nyingine inayofanana na ya baruti ambayo wengi hawaijui. Ukiwa kwenye kiroba ni vigumu kuuwasha. Ukitimka hewani ndani ya chumba kilichofungwa, ukakutana na mwali, hulipuka. Mei 2, 1878, kinu kikubwa cha ngano cha Washburn A mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga na watu 18 wakafa. Chumba cha mfungashaji wa Sumbawanga si kinu cha ghorofa saba, lakini asubuhi za Juni watu huingiza jiko la mkaa ndani kuota moto huku wakijaza, na umeme ukikatika huwashwa koroboi. Jiko likae nje, dirisha liwe wazi, taa iwe ya betri. Faneli inayomwaga taratibu bila kurusha vumbi imekwishapunguza nusu ya hatari hiyo.

Mizani ndiyo hakimu

Faneli humfikisha unga kwenye pakiti, lakini haipimi. Mizani hupima, na mizani ya biashara lazima iwe imehakikiwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, ambao huirudia kila mwaka. Anayejaza kwa alama aliyochora kwenye kopo atapunja au atajipunja, kwa sababu unga uliotoka kuchekechwa huwa na hewa nyingi na kopo lilelile huwa jepesi kuliko la unga uliokaa. Pakiti iwekwe juu ya mizani, uzito wake ufutwe, faneli ishikiliwe na kistendi kisichogusa mizani, ndipo umiminaji uanze. Unapokaribia gramu 950 acha kumimina, malizia kwa kijiko. Ushauri wa ufungashaji hutolewa na ofisi za SIDO zilizopo mikoani, na bidhaa ya chakula iliyo tayari kwa soko hupelekwa TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosajili vyakula na majengo yake.

Faneli mpya ijaribiwe mbele ya fundi mwenyewe. Chukua kilo moja ya unga uleule unaoufungasha, mimina, usigonge wala usitikise, kisha pima uliotoka. Rudia mara tano. Ukikuta zaidi ya gramu tano zimebaki ndani kila mara, koni ni bapa mno au kiungo kina ngazi, na faneli hiyo ibaki kwa fundi pamoja na nusu ya fedha ambayo hujamlipa.